Mbao Ambazo Hazikuwahi Kuwa Mti

Biashara huria ilituletea mengi Arusha: mitumba ya kila saizi, juisi za boksi, redio zinazokula betri kuliko mtu anavyokula ugali. Fundi seremala Elimringi wa Sokon I aliyavumilia yote hayo kwa moyo mkunjufu. Uvumilivu ulimwishia mwaka 2003, shemeji yake Godbless aliposhusha kutoka kwenye kontena mbao ambazo hazikuwahi kuwa mti.

Zilikuwa za plastiki ngumu, nyeupe pepepe, urefu futi kumi na nane. Zilikusudiwa kuwa fishabodi, zile mbao zinazozunguka ukingo wa paa, kwenye nyumba ya Mama Anande kule Nkoaranga. Mama Anande ndiye aliyemzaa Godbless, na ndiye aliyemzaa Anyesi, mke wa Elimringi. Mwezi wa saba angetimiza miaka sabini na tano, na watoto walikuwa wameandaa ibada ya shukrani uani kwake.

Tatizo ni kwamba pale paani palikuwa na fishabodi tayari, za saipresi, na aliyeziweka ni Elimringi mwenyewe miaka kumi na moja nyuma, alipokuwa mkwe mpya mwenye maneno mengi. "Hizi zitanizika," alitamba siku ile. Mvua za Meru na mchwa walimsikia, wakazizika wao kwanza.

"Hizi mchwa akijaribu, anang'oka meno," alisema Godbless akizigonga kwa kidole. "Ila shemeji, usione vibaya. Usa River kuna fundi anayezifunga kwenye malodge ya watalii. Nimlete?"

"Mlete akufunge kamba za viatu. Mimi nimeshika randa wewe bado unanyonya."

"Haya. Lakini zikiharibika, namwita yeye, na kazi za pale nyumbani zitakuwa zake."

Elimringi alicheka, lakini usingizi ulimpaa. Milango ya nyumba ile, madirisha, kabati la vyombo, hadi kitanda alicholalia mama mkwe, vyote vilitoka mkononi mwake. Kumwona fundi mwingine akiegesha ngazi pale kungekuwa kama kumkuta mwanamume mwingine ameketi mezani kwake, anakula kwa sahani yake.

Basi akazipeleka karakana. Kwanza alizilaza kivulini siku tisa zikauke, kama anavyofanya kwa mbao zote. Anyesi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hana huruma, alimuuliza kama beseni lake la kufulia nalo likaushwe. Kisha akawasha msumeno wa umeme. Badala ya ile harufu tamu ya mninga ikapanda harufu ya ndoo iliyosahauliwa jikoni. Aliposhika ruta, ile mashine ya kuchonga nakshi, kuchora mkunjo wa ukingoni, iliteleza kama inakata siagi. Hakuna kifundo, hakuna nyuzi za mti za kukwepa. Elimringi alichukia jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Na yale makapi meupe hayakuanguka chini; yalimrukia na kumganda kwenye sweta, kwenye nyusi, hadi masikioni, ukiyapangusa huku yanahamia kule. Jioni alifika nyumbani kama mtu aliyetoka kunyonyoa kuku mia.

Anyesi alikuwa ameokota karatasi ya maelezo iliyokuja na mzigo. "Baba Derick, hapa wanasema mbao hizi zinarefuka kwa joto. Uache nafasi kila zinapokutana. Na usizipake rangi iliyokoza, zitanyonya jua."

"Mbao hairefuki, Mama Derick. Mbao inatanuka upana. Hilo hata mtoto wa fundi anajua."

"Hii si mbao."

"Nimeikata kwa msumeno, nimeipiga msasa, itakuwa nini, chapati?"

Nafasi! Elimringi alijulikana kuanzia Sokon hadi Tengeru kwa maungio yake. Akishaunganisha, alikuwa anachomoa wembe mfukoni na kumpa mwenye nyumba: upitishe kama unaweza. Kwake nafasi kati ya mbao mbili ilikuwa ushahidi wa fundi asiyejua kupima. Ama rangi, Mama Anande alishatuma neno kwamba weupe ule unamkumbusha wodi. Anataka kijani, tena kijani cha jani la mgomba. Nani abishane na mama mkwe kwa ajili ya karatasi?

Sasa kufunga kulikuwa na utaratibu wake. Kwa heshima ya ukoo ule, mkwe hapandi juu ya nyumba mama mkwe akiwa ndani au uani. Basi kila Elimringi alipokuwa na kazi ya juu, Mama Anande alichukua kigoda chake mapema asubuhi akaenda kukaa migombani, hadi saa tatu mkwe aliposhuka na kukohoa. Majirani walishazoea: ukisikia nyundo, ujue mama yuko migombani. Kwa hiyo fishabodi zile zilikatwa, zikabanwa na kupakwa rangi katika asubuhi za Julai, wingu limelala juu ya mlima, vidole vimekufa ganzi. Ilipofika saa tatu, Elimringi alikuwa chini, anakunywa chai. Wiki nzima jua halikuchomoza. Siku ya mwisho alipitisha wembe wake kwenye kila ungio. Haukupita hata kwenye moja, naye akashuka ngazi akipiga mluzi.

Siku ya shukrani, Mungu akaamua kumpendezesha Mama Anande kwa jua. Saa tano wingu lilipasuka. Mchungaji alipofika katikati ya mahubiri, juu ya paa kukasikika *kwaa*.

Watu wakatazama juu. Mchungaji akaendelea. *Kwaa*, tena. Ilipofika saa saba, nyama ikigawiwa, fishabodi ya mbele ilikuwa imetoka tumbo kama mtu aliyemaliza pilau ya harusi mbili, na skrubu moja iliruka ikatua kwenye sahani ya mzee wa kanisa. Zile mbao zilikuwa zinasukumana, kila moja inatafuta pa kurefukia, na Elimringi hakuwa ameziachia pa kwenda hata pa kupitisha wembe.

Alikuwa ameketi meza ya wakwe, ndani ya suti. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alijua dawa yake sasa, aliijua vizuri kabisa: kupanda na msumeno, kukata kila ungio, kuachia nafasi. Kazi ya nusu saa. Lakini mama mkwe alikuwa pale pale uani, kwenye kiti cha heshima, na gauni la kitenge lililoshonwa kwa ajili ya siku hii moja. Kumpandia juu mbele ya watu mia mbili hakuwezekani. Kukaa na kutazama skrubu zikiruka nako hakuwezekani. Anyesi alimtazama. Kisha akaanza kumkatia nyama vipande vidogo vidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Hilo lilimuumiza kuliko lile tumbo la paani.

Godbless alishatoa simu yake. "Yasituharibie siku, shemeji. Nampigia wa Usa River, saa moja yuko hapa."

Mama Anande akaweka mfupa chini. "Huyo wa Usa River ni mkwe wa nani?"

"Si mkwe wa mtu, Mama. Ndiyo uzuri wake. Atapanda wewe umekaa hapo hapo, unakula nyama yako."

"Basi abaki huko huko." Akajifuta vidole kwa leso, taratibu. "Sitaki fundi wa kupanda nyumba yangu nikiwa nimekaa kama gogo. Nimekuwa nikienda migombani miaka kumi na moja. Nikiwa kule nasikia nyundo, nasema moyoni: nina mkwe. Nikikaa tu hapa, moyoni nitasema nini?"

Akainuka. Akabeba kiti chake cha heshima, na riboni zake, akaelekea migombani na gauni jipya likiburuta kwenye majani makavu. Kina mama wa kanisa wakatazamana, wakabeba viti vyao. Mchungaji alibaki amesimama na sahani mkononi, kisha naye akafuata. Baada ya dakika tano uani palikuwa na meza tupu, kuku wawili, na Elimringi, aliyegeuka kumwambia mkewe alete ngazi. Anyesi alikuwa ameshaileta, pamoja na msumeno.

Alivua koti, akapanda. Aliweka meno ya msumeno juu ya ungio la kwanza, lile zuri kuliko yote, na machozi yakamzuia kuona mstari.

Kutoka migombani sauti ikapaa. "Mkwe! Mbona kimya? Nyama inapoa huku!"

"Nakata, Mama," alijibu Elimringi, na akakata.