Ng'ombe Waliokimbizwa Mbio

Miaka yote aliyokaa na Levi pale Matisi, Viola hakuwahi kuona hata mkia wa ng'ombe ukielekea kwao Bungoma. Levi hakukosa sababu, bana! Mara mahindi yameharibika, mara mjomba mgonjwa. Naye mzee Walubengo, babake Viola, aliapa kwamba binti aliyechukuliwa bila mahari hatakanyaga boma lake. Basi Viola akawa si wa huku wala wa kule, na jambo hilo lilimuuma sana.

Kisha tezi za shingo zikamvimba. Homa kila jioni, nguo zikaanza kumpwaya. Dawa za kwanza hazikufua dafu. Wakashuku kifua kikuu, hakikuonekana. Ndipo daktari Mukami, hapo Kitale, akamkata kipande cha tezi kikapimwe. Mtu mmoja akanong'ona saratani, na mnong'ono huo ukafika Bungoma kabla ya mgonjwa kushonwa nyuzi.

Loo, Levi akapata miguu! Kwao mwanamke hazikwi na mume ambaye hajamtolea ng'ombe. Wakwe watakaa juu ya kaburi mpaka ng'ombe watolewe, na mbele ya maiti hakuna kubembelezana bei. Wazee wakaitana haraka haraka. Majibu hayajatoka, ng'ombe wameshashushwa nyumbani kwa mzee Walubengo. Viola aliposikia alilia kwa furaha, maskini, akisema angalau atakufa akiwa mke wa mtu.

Majibu yakatoka.

"Si saratani, na si TB," daktari Mukami alisema akicheka. "Unaitwa ugonjwa wa Kikuchi. Ni nadra, huwapata zaidi wanawake vijana, na kwa kawaida huisha wenyewe. Nitakupa dawa ya homa na maumivu, kisha uwe unarudi tukuangalie."

Viola alimshika daktari mikono yote miwili. Levi alijikuna kichwa.

"Daktari, uko sure? Ati unaisha tu hivyo?"

"Unaisha."

"Sasa si mngetuambia mapema! Tumekimbiza ng'ombe za watu bure!"

Bure! Daktari aliinamisha macho. Viola alimtazama mumewe, na furaha yote ikamtoka. Walipofika nje akampigia babake simu.

"Baba, si saratani, nitapona. Naweza kuja?"

"Mwanangu, unauliza? Ng'ombe ziko hapa zinakula. Njoo!"

Levi alishtuka. "Unaenda wapi, mama? Si twende nyumbani upumzike?"

"Naenda kwetu. Zamani ungenifukuza ningelala njiani. Leo baba atanifungulia mlango."

"Na mimi je? Si nimekuoa?"

"Mlienda kuomba maiti, Levi, na maiti haipo. Ukinitaka hivi nilivyo mzima, leta wazee wako waje waniombe mimi."

Akavuka barabara kutafuta gari la Bungoma.