Kitunguu Kisichonuka

"Kawthar, hiki kitunguu umekitoa wapi?"

Kawthar aligeuka na mwiko mkononi. Hakuwa na muda mrefu tangu aolewe na kuletwa Al Khoudh kutoka kwao Quriyat, na leo ndiyo mara ya kwanza mama mkwe wake, Bi Bakhita, kumwachia jiko.

"Uani, mama. Humu ndani vimekwisha, nikachimba vile vyako vya kwenye pipa. Mbona vimenenepa vizuri!"

Bi Bakhita aliokota kipande kilichobaki juu ya ubao, akakinusa. Hakikunuka kitu. Macho hayakumuwasha. Ute tu ulimganda vidoleni.

"Mchuzi umeuonja?"

"Kidogo, nitazame chumvi."

Bi Bakhita alizima jiko, akaumwaga mchuzi wote wa papa kwenye mfuko wa taka. Kawthar alidhani amekasirikiwa. Kabla machozi hayajamshuka, tumbo lilimkata, akakimbilia chooni.

Mmea ule uliletwa na Loai, mume wa Kawthar, fundi wa mitambo melini. Miaka kadhaa nyuma, meli ilipotia nanga Saiprasi, aliokota mbegu kwenye mchanga wa ufukweni: nyeusi, nyepesi, kama vipande vya makaa. Jina hakuliuliza. Akampa mama yake, Bi Bakhita, mshona kofia, ambaye hakuwahi kutupa kitu kinachoweza kuota. Alizipanda ndani ya pipa la mchanga wa pwani. Mwanzo alizimwagilia hata wakati wa joto, nyingine zikaoza. Akajifunza: maji ni ya miezi ya baridi, joto likiingia aziache kavu. Kila mwaka yalitoka majani tu, marefu, ya kijivujivu, yamejisokota kidogo kama utepe. Ua hakuwahi kuliona.

Hospitali, daktari aliuliza, "Mmea gani huo?"

"Jina lake silijui," Bi Bakhita alisema. Alikaa ubavuni mwa kitanda, ameushika mguu wa mkwewe juu ya shuka, mpaka alasiri waliporuhusiwa.

"Alhamdulillahi umeonja tu, na umetapika," daktari alimwambia Kawthar.

Njiani, ndani ya teksi, Kawthar alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Mie nnakaa na kitu sikijui, wala sikukwambia. Khalas, kesho nnaving'oa vilivyobaki."

"Usiving'oe." Kawthar aliegemeza kichwa kwenye kioo. "Vimenilaza hospitali. Angalau nijue vinaitwaje."

Bi Bakhita alimtazama, kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi.

Pipa walilisogeza pamoja hadi ukutani, mbali na jiko. Majani yakanyauka, joto likapanda, uani kote kukabaki mchanga na vumbi. Mwezi wa nane bua nene likachomoza peke yake kwenye mchanga mkavu, na siku chache baadaye, kabla ya magharibi, likafunguka: ua jeupe, petali sita nyembamba, na katikati kikombe chenye meno kuzunguka ukingo wake. Harufu yake ilifika mpaka mlangoni.

Kawthar alilipiga picha, akamtumia Ghadeer, mwalimu wake wa mimea alipokuwa chuo. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti.

"Mashallah! Hiyo nargisi ya bahari. Kwao ni michangani, pwani za Bahari ya Kati. Kitunguu chake kinaishi miaka mingi. Lakini kina sumu, msije mkakila!"

"Hilo tunalijua," walisema wote wawili, wakashikana mabega kwa kucheka.

Wakaketi kwenye mkeka. Giza lilipoanza, nondo mkubwa alikuja juu ya ukuta, akasimama hewani mbele ya ua, mbawa hazionekani kwa kasi, akateremsha ulimi mrefu ndani ya kikombe. Kawthar akanyanyuka kuwasha taa, amwone vizuri.

Bi Bakhita akamshika mkono.

"Mwache kwanza anywe."