Zeidani Aliyejiita Muuza Nafaka

Zeidani alikuwa mwimbaji, na jina lake lilivuma. Kuanzia Qus hadi Esna, kusini mwa Misri, arusi isiyokuwa na Zeidani na zeze lake la kifuu cha nazi watu waliiona kama karamu ya mazishi. Ujanani alimpigia tari ami yake kwenye maulidi. Ami alipofariki, akarithi zeze pamoja na visa vyote vya mashujaa wa kale. Baadaye kanda zake zikauzwa mpaka Kairo, na madereva wa malori ya miwa wakawa wanaimba naye barabarani.

Lakini mwimbaji hualikwa kwa heshima, kisha akalishwa uani pamoja na wapishi. Watu waliotokwa machozi mbele yake walimpita sokoni kama hawamjui. Hayo aliyazoea. Aliloapa ni kwamba binti yake Sabiha asije akayaonja.

Sabiha akasoma, akawa mwalimu, akachumbiwa na mwalimu mwenzake wa Qena aitwaye Wagdi. Siku ya kwenda kusoma Fatiha ya kufunga uchumba kwa kina Wagdi, Zeidani alivaa kanzu mpya, akaliacha zeze ukutani, akatoka na Sabiha.

Alipofika kizingitini alimsikia Raghib, ami yake Wagdi, karani wa mahakama, akiwachekesha wageni. "Hawa waimbaji ni ombaomba tu, basi! Tofauti yao na wengine ni kwamba wana nyuzi."

Walipoketi, Raghib akamgeukia kwa tabasamu. "Na wewe, baba wa bibi arusi, shughuli yako ni ipi?"

"Nafaka," Zeidani akasema. "Ninauza nafaka."

Haji Mitwali, baba yake Wagdi, alikiangalia kikombe chake cha chai. Sabiha alikuwa mlangoni na sinia ya njiwa waliojazwa ngano. Akasimama kidogo, kisha akaiweka sinia chini na kutoka.

Pembeni alikaa jirani wa kina Wagdi, mzee Bishay, aliyewahi kuendesha treni za kiwanda cha sukari. Akainua kichwa. "Sauti hiyo naijua! Wewe ni Zeidani. Nilipomzika mwanangu sikutokwa na chozi hata moja, mke wangu akaniona nina moyo wa jiwe. Ndipo nikakusikia kwenye maulidi ukimwimba mama aliyefiwa. Nililia mpaka nikashikwa mkono kurudishwa nyumbani. Mungu akupe umri mrefu, ndugu yangu."

Watu wote wakamtazama Zeidani.

"Umenifananisha, mzee," akasema. "Mimi na nyimbo wapi na wapi?"

Raghib akaangua kicheko. "Mzee Bishay, masikio nayo umeyaacha kwenye treni?"

"Kesho atatuambia mimi ndiye mpiga ngoma!" mwingine akadakia, na baraza zima likacheka.

Mzee Bishay akawa mwekundu mpaka shingoni. "Nisamehe, bwana," akamwambia Zeidani. "Uzee huu. Nimekuvunjia heshima mbele ya wakwe zako."

Zeidani akamwambia hapana neno.

Njiani kurudi, Sabiha alisema huku akitazama mashamba ya miwa.

"Wanajua, baba. Nilimwambia Wagdi tangu mwanzo. Haji mwenyewe ana kanda zako kabatini. Ni ami Raghib na wageni tu waliokuwa hawajui."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikudhani ni kitu cha kukuambia. Nilikuwa najivunia."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Zeidani alijifunika kilemba usoni akisingizia vumbi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alibisha hodi kwa Bishay akiwa na zeze mkononi.

"Ni mimi, mzee. Nilikudanganya."

"Najua ni wewe," Bishay akajibu, bila kumkaribisha ndani. "Hata nilipokuomba radhi sikuwa na shaka. Ila mtaa mzima sasa unaniita chizi. Wanaopaswa kuambiwa ni wao."

Basi Zeidani akaenda barazani kwa Haji Mitwali, ambako watu walewale walikuwa wanakunywa chai. Akasimama mbele ya Raghib. "Mzee Bishay hakukosea. Mimi ndiye Zeidani mwimbaji. Nafaka sijauza hata kibaba."

"Kumbe!" Raghib akasema. "Kwa hiyo tumepata mkwe mwimbaji, tena mwongo."

"Raghib, nyamaza," Haji akamkemea, akasogea kumpa mgeni nafasi. "Keti, baba Sabiha. Tuimbie."

Akauimba wimbo wa mama aliyefiwa, macho chini, Bishay akisikiliza kutoka mlangoni pake. Sauti ilitoka kavu, ikamkatikia katikati, akaumaliza wimbo hivyohivyo. Haji alimsifu. Bishay alikuwa amekwishaingia ndani.

Arusi ilifanyika baada ya mavuno, na Zeidani aliimba mbele ya mji mzima. Sabiha alicheza mpaka akapotewa na kiatu. Watu walisema hajawahi kuimba vizuri kama siku ile. Yeye alikuwa akimwangalia Bishay, aliyeketi mstari wa nyuma. Mzee alikula, akapiga makofi kwa adabu kila wimbo ulipokwisha, macho makavu, akaaga mapema.