Kiti cha Asiyekuwepo

Asubuhi ya kutetea pendekezo lake la utafiti, binti ambaye dada yake alimbandika jina la Kwanini tangu utotoni, kwa sababu ya kuuliza kwingi, alionja chai akakunja uso.

"Chungu!"

"Sukari imekwisha," dada alijibu, akifunga vifungo vya sare yake ya uuguzi. "Sasa niambie, msomi wetu. Unakwenda kuwaambia watu kwamba kutokuwepo si kitu, hakufanyi lolote. Mbona sukari isiyokuwepo imekukunja uso?"

Kwanini alicheka. Jibu la swali hilo alilala nalo, akaamka nalo. "Si sukari iliyonikunja uso, dada. Ni majani ya chai. Kilichopo ndicho kinachofanya kazi. Kisichokuwepo kitafanyaje kazi, na chenyewe hakipo?"

"Haya, mdogo wangu. Ukifaulu, rudi na sukari. Usipofaulu, rudi nayo vile vile."

Hoja yake yote ilikuwa hiyo, ila ndani ya pendekezo ilivaa suti. Tangu aingie semina ya metafizikia, ile falsafa inayouliza ni vitu gani hasa vipo na vipo kwa namna gani, Kwanini alitembea kama mtu aliyepewa macho mapya. Alisimama barabarani kukitazama kivuli cha nguzo na kujiuliza kama ni kitu, au ni mahali tu ambapo mwanga haukufika. Watu walimpigia honi. Hakujali. Lakini leo hapakuwa na mzaha: Mwalimu wa semina akitia saini, pendekezo litafika kwenye kamati kesho, naye ataanza tasnifu. Asipotia saini, atasubiri mwaka mzima.

Chumba cha semina kilikuwa ghorofani, na meza ndefu yenye michubuko, na feni iliyolia kama panya aliyebanwa. Mwalimu, mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikaa kichwani mwa meza. Kando yake alikuwepo Mchungaji, mwanafunzi aliyeacha mimbari akaja chuoni, lakini sauti ya mimbari alikuja nayo. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Bwana Hapana, mwanafunzi ambaye neno lake la kwanza kwa hoja yoyote lilikuwa hilohilo. Mkewe alijifungua mapacha, na tangu hapo hakuonekana tena.

Semina ile ilikuwa na desturi yake: kiti cha asiyekuwepo hakiachwi kimya. Mtoa hoja akimaliza, huhamia kwenye kiti hicho na kujipinga mwenyewe kama mwenye kiti angempinga, kwa nguvu zote. "Mtu asiye na mpinzani hupigana na mto wa kulalia," Mwalimu alipenda kusema. "Kila siku bingwa."

Kwanini alitoa hoja yake. Maneno yalimtoka laini, kama uzi kwenye sindano. Alipofika kwenye mfano wa chai, Mchungaji alinguruma, "Amina!" Mwalimu alitabasamu na kufungua kifuniko cha kalamu.

"Haya, hama kiti."

Kwanini alikuwa amejitayarishia pingamizi dogo, lisilo na meno, la kupita nalo. Aliketi. Akakirudisha kiti nyuma kama Bwana Hapana alivyozoea, akakunja mikono.

"Hapana," alisema, na wote wakacheka.

Lakini neno lile, likishatamkwa kwenye kiti kile, lilidai kuendelea kichwani mwake: Unasema ni majani ya chai. Sawa. Lakini majani ni yale yale ya jana, na jana chai ilikuwa tamu.

Pingamizi hilo hakuwa amelitayarisha, na lilikuwa na meno.

"Tunakusikiliza," Mwalimu alisema. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Mchungaji alimkonyeza: sema lile jepesi, binti, twende zetu.

Kwanini aliitazama kalamu. Angeweza. Nani angejua? Angejua yeye; na kila ukurasa wa tasnifu ungejua.

"Hapana," alirudia, taratibu. "Majani ni yale yale, maji ni yale yale, kikombe ni kilekile. Kilichobadilika ni kimoja tu: sukari haimo. Ukikataa kuitaja, huwezi kueleza kwa nini leo si kama jana." Akaitazama meza. "Na si chai tu. Pendekezo hili lina tundu. Limeandikwa na kichwa kilekile, kwa vitabu vilevile. Lakini wiki zote hizi hakuwepo mtu wa kuniambia hapana."

Feni ililia. Mwalimu alivaa miwani.

"Rudi kwenye kiti chako ujibu."

Kwanini alirudi. Alifikiri mpaka masikio yakamwaka moto. "Sina jibu, Mwalimu."

"Basi na mimi sina saini." Mwalimu alifunga kalamu yake, kisha akamtazama kwa muda. "Kwa pendekezo hili. Lakini hilo swali ulilolitoa kwenye kiti cha watu ni zuri kuliko majibu yako yote. Niko ofisini hadi jioni."

"Niandike upya? Leo?"

"Mimi nimesema tu nitakuwepo."

Kwanini alitoka mbio hadi kwenye ngazi, akapiga simu. Ikapokelewa katikati ya vilio viwili.

"Kaka, umenivunja vibaya leo!"

"Mimi?" Bwana Hapana alishangaa, sauti imejaa usingizi. "Mimi sikuwepo!"

"Ndiyo, hukuwepo! Ndicho kilichonivunja!" Akamsimulia yote, chai na kiti na kalamu iliyofungwa, mpaka mtoto mmoja akanyamaza kama anayesikiliza.

Kisha, kutoka mbali, akalisikia lile neno.

"Hapana. Hujavunjika. Sikiliza. Hata jirani yangu hakuwepo semina leo. Na mpishi wa kantini hakuwepo. Mbona hao hawakukuvunja? Kwa nini kutokuwepo kwangu kuhesabiwe, na kwao kusihesabiwe?"

Kwanini aliketi palepale kwenye ngazi, akaigeuza karatasi yake upande usioandikwa, akaweka simu begani.

"Sema tena," alisema. "Polepole. Naandika."