Andika Jibu Tu

Mtandao wa shule ulikuwa nyuma ya jiko. Haukuwa ofisini wala darasani, wala kwenye kile chumba kilichoandikwa "Kompyuta" mlangoni, ambamo walihifadhi majembe na magunia ya mahindi. Ulikuwa nyuma ya jiko, juu ya kituta kilichooteshwa majani ya mabingobingo, kando ya rundo la kuni. Ukisogea kidogo kulia unakatika, ukisogea kushoto unakula moshi wa maharage. Mwalimu Hidaya wa Kiswahili alikuwa amesimama hapo tangu wanafunzi watoke mstarini, sweta limelowa ukungu, kishikwambi amekiinua juu kuelekea mnara wa simu wa Soni kama mtu anayesimamisha gari.

Alikuwa anasubiri matokeo, na kiduara kwenye kioo kilikuwa kinazunguka tu.

"Madam, yamefunguka?" sauti iliuliza kutoka dirisha la kidato cha nne.

"Rudini mkasome!" alifoka, kisha akajuta, maana hata yeye roho ilikuwa juu.

Mradi mmoja wa elimu ulikuwa umeleta shuleni vishikwambi kumi na kitu walichokiita Mfumo. Kiswahili kikachaguliwa kiwe somo la kwanza la kujaribia, Hidaya akapelekwa semina ya siku moja Lushoto mjini, akala wali na kuku, akarudi akiitwa mtaalamu. Watoto wale wale ambao wakikutwa na simu shuleni wanarudishwa nyumbani, sasa walitakiwa wajue kuchapa, kufuta, kurudi nyuma na kutuma. Walifanya mtihani kwa zamu juu ya kituta, kutwa nzima, na Hidaya alikaa mbali kwa sababu maelekezo yalisema mwalimu wa somo asikaribie.

Wengi waliuchukulia kama mchezo. Mwanaisha Issa hakuuchukulia hivyo. Mradi ulikuwa umeahidi kumsomesha kidato cha tano na cha sita msichana mmoja kutoka kila shule, yule atakayeongoza, alimradi apate nusu ya alama. Baba yake, mbeba kabichi katika gulio la Soni, alishasema bila kuficha kwamba uwezo wake unaishia kidato cha nne. Ada serikali imefuta, sawa, lakini hakuna aliyefutiwa godoro, sanduku, nauli ya kwenda mkoa wa mbali wala matumizi ya bweni. Asipopata nafasi hiyo, Mwanaisha angeshuka Soni kufunga karoti kwenye mifuko. Hidaya alishafundisha wasichana wengi wa namna hiyo. Karoti zake alikuwa akinunua kwao.

Kiduara kikaacha kuzunguka. Jina la kwanza, sifuri. La pili, sifuri. Aliteremsha kidole akiamini kwamba mahali fulani chini huko angeona namba nyingine, lakini orodha yote ilikuwa sifuri mpaka mwisho, na Mwanaisha alikuwa humo humo.

"Mwalimu Hidaya! Umeona kwenye grupu?"

Mkuu wa shule, Mwalimu Bartholomeo, alikuwa anapanda kituta huku ameinua suruali isiguse tope, simu mkononi.

"Nimeona, mkuu."

"Wilaya nzima sisi ndio wa mwisho! Hata mtu angefumba macho akabonyezabonyeza, angeambulia alama mbili. Na afisa wa mradi yuko njiani, ameshapita Mombo. Nikamwambie nini?"

"Mwambie Mfumo umekosea."

"Mfumo haukosei, mwalimu. Wanaokosea ni wewe na mimi."

Alishuka akiwa amevimba. Hidaya alibaki pale na baridi yake na hasira yake. Alikuwa anawajua watoto wake. Kuna waliokuwa wazito, hilo hakubishi, lakini sifuri darasa zima ni tusi. Akafungua majibu ya Mwanaisha, moja baada ya jingine, akivumilia kiduara kila mara.

Swali la kwanza liliuliza neno "polepole" ni aina gani ya neno. Mwanaisha alikuwa ameandika: "Shikamoo mwalimu. Ni kielezi."

La pili: "Shikamoo mwalimu. Ni sentensi changamano."

La tatu hivyo hivyo. Kila swali lilikuwa na ukurasa wake, na kwa Mwanaisha kila ukurasa mpya ulikuwa mlango mpya. Mtu habishi hodi akaanza tu kueleza shida yake bila salamu. Hidaya akafungua ya wengine. Walikuwa wamesalimia wote. Mmoja alikuwa ameuliza na hali ya nyumbani, akaongeza na pole ya kazi, ndipo akasema kwamba jibu ni kiunganishi. Na kulikuwa na kijana mmoja ambaye karatasi yake yote ilikuwa na maneno mawili tu, "Shikamoo mwalimu", kwenye swali la kwanza. Hidaya alikumbuka kwamba siku ya mtihani kijana huyo alilalamika kuwa mwalimu wa humo ndani hakumwitikia. Alikuwa amengoja marahaba mpaka muda ukaisha.

Hidaya alicheka peke yake nyuma ya jiko, kicheko kibaya, mpaka mpishi akachungulia. Kisha akaagiza Mwanaisha aitwe.

Msichana alikuja mbio, akasimama hatua chache kutoka kwake, akapiga goti kidogo. "Shikamoo madam."

"Marahaba. Njoo uone. Hapa umeandika nini?"

"Jibu, madam."

"Hapa mbele ya jibu."

"Hiyo ni salamu."

"Juu pameandikwa 'Andika jibu tu.' Hukuona?"

"Niliona, madam. Ndiyo nikaandika jibu tu. Sikuweka maelezo yoyote." Alimtazama mwalimu kwa wasiwasi. "Salamu si jibu, madam. Salamu ni salamu."

Ni Hidaya mwenyewe aliyewafundisha uandishi wa barua, na ni yeye aliyekuwa akikata alama kwa kalamu nyekundu, tena kwa ukali, kila mtu alipovamia shida yake bila kumjulia hali anayeandikiwa.

"Anayesoma humo si mtu, Mwanaisha. Ni mashine. Inalinganisha maneno yako na yake, yakizidi inakupa sifuri."

"Kumbe hakuna mtu?"

"Hakuna."

Mwanaisha alikitazama kishikwambi. "Sasa madam, nimefeli?"

Afisa wa mradi alifika mchana. Alikuwa binti mdogo kwa umri, jina lake Jackline, amevaa buti na koti la mvua, na gari lake jeupe lilikuwa na tope mpaka madirishani. Mkuu alimpeleka nyuma ya jiko mwenyewe, akiomba radhi njia nzima.

"Shikamoo madam," Jackline alisema alipomwona Hidaya.

"Marahaba, mwanangu. Umeona ulivyofanya? Na wewe ungepata sifuri."

Hidaya akamwonyesha. Jackline alisoma, akacheka mpaka akashika kiuno, halafu kicheko kikamwisha taratibu alipoona hakuna anayemsaidia kucheka.

"Madam, nimekuelewa. Kabisa. Hawa watoto wamejua majibu. Lakini Mfumo umeshafunga."

"Si mfungue?"

"Unafunguliwa Dar."

"Basi piga Dar."

Jackline alipiga kutoka juu ya kituta, spika wazi. Sauti ya mwanamume ilisikiliza maelezo yote, ikasema kwamba wanafunzi hawakufuata maelekezo, na kwamba wakifunguliwa hawa kila shule itakuja na visingizio vyake. Kilichopo ni marudio. Shule moja mwanafunzi mmoja, mwisho saa kumi leo, na sababu ichaguliwe humo humo kwenye Mfumo.

"Mmoja?" Hidaya alisema. "Na wengine?"

Simu ilikuwa imeshakatika, sijui ni mtandao, sijui ni adabu. Mmoja huyo alijulikana bila kutajwa; Mwanaisha akaitwa tena.

Jackline alifungua ukurasa wa sababu. Kulikuwa na ugonjwa, msiba, mafuriko na hitilafu ya umeme.

"Weka salamu," Hidaya alisema.

"Haimo, madam."

"Weka 'sababu nyingine'."

"Hiyo inasomwa na kamati. Kamati inakaa mwezi ujao."

"Weka ugonjwa tuendelee," alisema mkuu. "Muda unakwenda."

"Mtoto hakuumwa, mkuu. Siku ile alikuwa mzima kama mimi."

"Mwalimu, wewe unataka mtoto asome au unataka kushindana na mashine?"

Anayethibitisha alikuwa mwalimu wa somo, kwa nywila yake. Hidaya alimtazama Mwanaisha, aliyekuwa amesimama kando ya kuni akisikia kila kitu na kujifanya hasikii, kama alivyolelewa. Hasira ilimpanda Hidaya, na aliyekuwa amemkasirikia hakuwepo pale wala mahali popote unapoweza kumfuata. Akaandika nywila. Akabonyeza.

Kioo kilishukuru. Chini yake pakatokea mstari mwingine: "Taarifa ya ugonjwa imetumwa kwa mzazi."

"Imetumwaje?" aliuliza Hidaya.

"Meseji," Jackline alisema polepole. "Inajituma yenyewe. Samahani madam, nilisahau."

Hidaya alimpigia baba Mwanaisha hapo hapo. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita vile vile. Muda ulikuwa umebaki kidogo, na Mwanaisha alikuwa ameshakalishwa kwenye gogo.

"Nisikilize vizuri," Jackline alimwambia. "Marudio yana kamera. Inakuangalia usoni. Ukigeuza uso, au ukiongea, au mtu akikusemesha, Mfumo unaandika udanganyifu na kufunga. Haufunguki tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Na usisalimie," Hidaya aliongeza. Maneno yalimtoka makavu. Miaka yote ya kusimama mbele ya ubao, hakuwahi kumwambia mtoto neno hilo. "Kielezi, andika kielezi. Basi."

Wakarudi nyuma wote watatu, wakakaa kimya. Mwanaisha alianza. Kwenye swali la kwanza kidole kilisitasita, kikafuta kitu, kikaandika upya. Kisha akashika kasi. Hidaya alikuwa anaona midomo yake ikisoma maswali bila sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuta pumzi.

Ndipo bodaboda ikasikika inapanda kilima, injini inalia. Iliingia mpaka uwanjani, na Issa, baba yake Mwanaisha, akaruka kabla haijasimama, bado ana gunia la kubebea mabegani na vipande vya majani ya kabichi kwenye nywele. Mtu mmoja akamwonyesha kwa kidole nyuma ya jiko.

Hidaya alikimbia kumzuia kabla hajafungua mdomo. Alimshika mkono, jambo ambalo mwanamke wa heshima zake hamfanyii mume wa mtu, akaweka kidole midomoni.

"Usimwite, baba Mwanaisha. Nakuomba."

"Nimeambiwa anaumwa," alinong'ona Issa, pumzi juu juu. "Nimeacha lori halijajaa. Yuko wapi?"

"Yule pale. Haumwi. Ni mtihani."

"Sasa aliyeniandikia ni nani?"

"Ni Mfumo."

"Ndiyo nani huyo?"

Issa alisogea hatua mbili mpaka akawa chini ya kituta, mbele kabisa ya binti yake, mahali ambapo asingeweza kutoonekana. Mwanaisha aliinua macho juu ya kishikwambi. Walitazamana. Ilikuwa mara moja tu, kufumba na kufumbua, lakini walitazamana, na Issa akafungua uso kama mzazi anayengoja.

Msichana akainamisha macho akaendelea kuandika. Machozi yalimtoka yakamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu hakujua kama kufuta machozi nako kunaruhusiwa.

"Ameniona," Issa alisema.

"Amekuona," Hidaya alisema.

"Hajanisalimia."

"Baba Mwanaisha, ngoja kidogo nikueleze..."

"Mwalimu, yule ni mwanangu. Hajawahi." Hakusema kwa hasira. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeogopa sana. Akavua gunia mabegani akalishika kifuani, akasimama hivyo hivyo mpaka mwisho.

Jackline alikimbilia kishikwambi, akasoma, akainua dole gumba. Maswali ishirini, ishirini yote. Mkuu akapiga makofi, akatazama huku na huku kutafuta wa kupiga naye. Mwanaisha alishuka kituta kwa kasi, akakaribia kuteleza, akapiga goti mbele ya baba yake mpaka sketi ikagusa tope.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba. Shikamoo."

Issa hakuitikia. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wa binti yake, akakigeuza, akaweka mgongo wa mkono, akateremka mpaka shingoni, akitafuta homa.

"Mwalimu," aliuliza bila kugeuka, "imemwanza lini?"

Hidaya alimtazama mtoto, akakitazama kishikwambi mikononi mwa Jackline, ambacho kilikuwa bado kinawaka maneno ya pongezi.

"Leo, baba Mwanaisha," alisema. "Imemwanza leo."