Munganga wa Besarabia

Habari ilifika Kabambare kwa redio ya mtawala Mzungu wa wilaya, kiangazi cha mwaka 1940: Warusi wameingia Besarabia. Munganga Kirile alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi hospitali. Hemedi, msaidizi wake, alimwona akinawa mikono, akinawa tena, kisha akavua koti jeupe na kusema waliongoja kupasuliwa warudi juma lijalo. Juma lile likapita, naye hakushika kisu. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka.

Walipokwenda Kasongo kuchukua dawa, Hemedi hakumpeleka kwenye nyumba ya wageni. Alimpeleka kwa mama yake, Fatuma.

"Karibu, Munganga. Mutoto wangu anasema kwenu kumeharibika. Kwenu ni wapi?"

"Besarabia, Mama. Zamani ilikuwa chini ya Waturuki. Kisha mfalme wa Urusi akaichukua, ikawa jimbo lake zaidi ya miaka mia. Mimi nilizaliwa humo. Mfalme alipoanguka, ikawa ya Waromania. Sasa Warusi wamerudi, ila hawa hawana mfalme."

"Waturuki, wale Waislamu?"

"Ndiyo, Mama."

Fatuma akaitikia kwa kichwa, kama aliyeanza kuiona nchi yenyewe. "Na watu wenu walihama?"

"Wengine. Mama yangu alikataa. Iko na shamba la zabibu."

"Basi iko kama mimi. Nilizaliwa Waarabu wakitawala hapa. Wazungu wakaja na vita, mji ukaungua. Nikaolewa chini ya Bula Matari, serikali ya hao Wazungu. Kila mara watu wanasema nchi imekuwa ya mwingine, na mimi niko palepale, ninatwanga."

Akafunua chakula. Ulikuwa bugali wa mahindi, wa manjano, umeviringwa vizuri. Munganga akautambua.

"Kwetu tunauita mamaliga," akasema. "Mama alikuwa anaukata kwa uzi."

"Kwa uzi?" Fatuma akacheka, akainuka, akakata uzi kwenye nguo aliyokuwa akishona, akausafisha kwa maji. "Kata basi, tuone."

Munganga akaushika uzi kwa ncha zote mbili, ukapita sawasawa katikati ya bugali. Akala. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, na Hemedi akajishughulisha na mboga.

Alipoaga, Fatuma akamwuliza jina la mama yake.

"Evdokia."

"Odokia," akasema Fatuma, akarudia mpaka ulimi ukalizoea.

Waliporudi Kabambare, Munganga aliwapasua wote waliokuwa wakingoja. Barua kutoka kwao hakuipata, si mwaka ule wala vita vilipokwisha. Lakini kila Ijumaa, Fatuma alipowaombea watu wake, alilitaja na jina lile. Hemedi alimwuliza kama inafaa kumwombea mwanamke wa kanisa asiyemjua.

"Mimi simujui," akasema mama yake. "Ninamupeleka kwa anayemujua."