Cariño Bila Mkono

Watu wa mji wetu wanalimwaga neno cariño, yaani mpenzi, kama maji ya kuoshea mahindi. Mume anaitwa cariño, mbwa anaitwa cariño, muuza nyama naye akiongeza kipande anaitwa cariño. Lakini ukimtazama mtoto mchanga na moyo ukakulegea, kusema hakutoshi, lazima umpapase. Kumpapasa huko nako tunakuita cariño. Ukimpenda kwa macho ukaenda zako bila kumgusa, unamwachia uzito wako, na ataugua. Kwetu hata dereva wa lori husimama, akamshika mtoto wa mtu paji la uso, akaendelea na safari. Hakuna anayemshangaa.

Mimi Brígida nilijua yote hayo. Sitajitetea.

Mimi na dada yangu Nicanora tulikuwa na mwaka wa nne hatusemezani, sababu ya jiwe la kusagia la marehemu mama. Alilichukua siku ya mwisho ya matanga bila kuniuliza. Kisha, akiwa na miaka arobaini na miwili, ameshakata tamaa, akajaliwa mtoto wa kike, Jacinta.

Jumapili tukakutana sokoni, mbele ya meza yangu ya parachichi. Mtoto alikuwa amefungwa kifuani kwa shali. Akageuka akanitazama, na kidevu chake kilikuwa cha marehemu mama kabisa. Jamani, nilimpenda! Mkono ukainuka wenyewe. Nikaona Nicanora anausubiri, na papo hapo kiburi kikanipanda. Nikauzamisha kikapuni, nikajifanya napanga parachichi. Akapita.

Jumanne asubuhi jirani yangu Chole akaja mbio, hata aproni hajavua.

“Brígida we, mtoto wa dada yako ni mgonjwa! Joto halishuki, dawa za daktari anazitapika, jicho moja limekuwa dogo kuliko lenzake. Wamempitishia yai mwilini, wamelivunja kwenye glasi, kiini kimetoka na alama ya jicho, kuna aliyemtazama.”

“Basi wamtafute aliyemtazama.”

“Wameshawaita wote! Muuza barafu amemgusa, mama wa maua amemgusa, hata padri. Umebaki wewe. Nicanora kanituma nikuulize, ulimtazama kwa kumpenda?”

Neno moja tu, ndiyo, lingetosha. Lakini akilini nilimwona Nicanora akilipokea neno hilo na kulitangaza mtaa mzima: Brígida kashindwa, Brígida kaja kwa magoti.

“Mwambie sikumwona mtoto. Nilikuwa na wateja.”

Chole aliniangalia sana. “Haya. Mimi nimeleta ujumbe tu.”

Kutwa nzima sikuuza hata parachichi moja. Kila mtoto aliyelia mtaani nilidhani ni yeye, na walipokaa kimya nikaogopa zaidi. Nilijiambia hayo mambo ya macho ni upuuzi wa vikongwe. Nilijiambia joto la mtoto huja na kuondoka. Jumatano, kabla ya kengele ya saa sita mchana, niliacha meza wazi nikakimbia.

Mlango wa Nicanora ulikuwa wazi. Wanawake walikuwa wamejaa uani, na hakuna aliyekuwa anasaga wala kupika. Walinipisha bila kunisalimu. Dada yangu alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani.

“Nilimpenda, dada,” nikasema mbele yao wote. “Jumapili. Nilimpenda, nikaubana mkono. Nipe nimguse.”

“Mguse.”

Nikamgusa. Paji lilikuwa baridi.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, anipige, anitoe nje kwa nywele. Hakufanya hata kimoja. Alivuta gauni jeupe lililokuwa kando yake, na taji la karatasi ambalo kwetu mama wa ubatizo humvisha mtoto anayefariki mdogo, akaniwekea vyote mikononi.

“Hatukuwahi kumbatiza,” akasema. “Hana mama wa ubatizo wa kumvisha. Mvishe wewe.”